Zile Zilizokuwa na Wenyewe

Tabata, Dar es Salaam

Swahiba wangu,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, mama watoto anakusalimu, na mama naomba umfikishie shikamoo yangu. Juzi kwenye simu uliniuliza kama bado naikumbuka ile Ijumaa ya magazeti, nikakujibu "naikumbuka" tu, salio likaisha. Jibu lile halikuniridhisha mwenyewe. Tangu hapo mawazo yangu yako Msamvu, pale Morogoro tulikouza magazeti.

Naiona kona yetu. Giza bado, milima ya Uluguru haionekani ila baridi yake imeshashuka. Pikapu ya kutoka Dar inasimama bila kuzima injini, utingo anatupa mabunda chini, Uhuru, Nipashe, Majira, kisha hao wanaondoka. Wewe na wembe wako unakata kamba, mimi nahesabu tano tano, kidole nakilowesha kwenye kizibo cha maji. Unakumbuka nakala ya juu na ya chini kabisa ya kila bunda? Kamba ilikuwa inazila pembeni, na wakala wetu akituhesabia kama nzima. Mpaka leo naona alituonea. Nakala mbili kwa kila bunda, kila siku ya Mungu, ilikuwa ndiyo chai yetu ile.

Halafu baiskeli. Wewe Kilakala mpaka Bigwa, mimi mjini, Sabasaba na kule SUA, chuo kikuu cha kilimo. Mvua ikitukuta njiani tulivua mashati tukafunika magazeti, maana marejesho, zile nakala zisizouzwa, wakala aliyapokea yakiwa makavu tu. Likilowa, ni lako.

Sasa hiyo Ijumaa. Mwalimu Nyerere alikuwa amefariki jana yake, tarehe 14 Oktoba 1999, hospitalini London, na Rais Mkapa alishatangaza. Morogoro nzima ilikuwa imekesha na redio. Hakuna aliyehitaji gazeti ili ajue. Lakini tulipofika alfajiri tukakuta watu wanatusubiri: makondakta, wanafunzi, mama lishe, wazee wa kahawa. Hakuna aliyepiga kelele wala kusukumana. Walinyoosha hela tu, kimya. Nadhani walitaka kukishika mkononi kile walichokisikia. Yule mama wa vitumbua, ambaye kila siku tulimpa magazeti yaliyoharibika ya kufungia, hakujua kusoma. Alinunua, akaitazama picha ya Mwalimu, akalikunja mara nne, akalifutika kwenye kanga yake. Siku hiyo vitumbua alifungia gazeti la wiki iliyopita.

Jua lilipochomoza tulikuwa tumebaki na nakala za wateja wa kila siku tu, zile ulizozitenga kwenye mfuko wako. Ndipo yule abiria wa basi la Mbeya akakutolea hela mara tano ya bei. Nilikukanyaga mguu ukubali. Tulikuwa na deni la wiki nzima kwa wakala! Ukamwambia, "Samahani mzee, hizi zina wenyewe," ukapanda baiskeli.

Nilinuna kutwa nzima, sikukusemesha. Sijawahi kukuomba radhi kwa siku ile, naomba uipokee leo.

Jioni ulinisimulia habari za mwalimu mstaafu wa Bigwa. Kwamba ulimkuta barazani ameshavaa miwani, mkewe kakaa mkekani pembeni yake, na kwa kuwa mama yule alikuwa haoni tena, mzee alikuwa akimsomea gazeti kila asubuhi kuanzia mwanzo mpaka matangazo. Kwamba siku hiyo alisoma mistari miwili sauti ikamkatika, akakupa wewe umalizie. Ukasimama pale na baiskeli yako ukasoma ukurasa mzima. Wateja wa Bigwa walichelewa kupata magazeti yao na hakuna aliyekulaumu.

Mpaka Mwalimu anazikwa Butiama, tarehe 23, hatukurudisha hata nakala moja.

Baadaye nilipopata kazi ya kusoma prufu gazetini huku Dar, yaani kukagua makosa kabla ya kuchapwa, ndipo nilipojua kwamba nakala za mikoani zilichapwa mapema, gari liwahi, na za mjini zikafuata. Nikamkumbuka mzee wa Bigwa aliyekuwa akilalamika kwamba habari ya jana usiku haimo. Kazi ile niliipenda, ila kuna siku niliyoipitisha vibaya. Tangazo la tanzia, jina la marehemu likakosewa herufi moja, nami nikaliacha lipite. Kesho yake alikuja mama mzazi, gazeti kalishika kwa mikono miwili. Hakugomba. Aliniuliza tu kama tunaweza kuliandika tena vizuri, kwa sababu anataka kuliweka. Tuliliandika upya. Tangu siku hiyo majina nilikuwa nayasoma herufi kwa herufi, kwa sauti, wenzangu wakiwa wamekwenda kulala.

Ile nakala ya Ijumaa uliyoniachia mlangoni usiku, nikiwa bado nimenuna, ninayo. Ni ya juu ya bunda, kamba imekata mpaka kwenye tarehe. Imekuwa ya njano na kwenye mikunjo inaanza kuachia, kwa hiyo nimeilaza kati ya makaratasi mawili magumu. Mwezi ujao nikija nitaibeba. Mwambie kijana wako ajiandae, ndiye atakayetusomea, na mama awepo.

Wako,
mwenzio wa Msamvu