Ngumi tu, lakini ngumi safi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni kinyozi hapa Majengo, Dodoma. Kwenye benchi la wateja nina vitabu vitatu vya Dragon Ball, katuni za Kijapani alizochora Akira Toriyama kuanzia 1984 hadi 1995. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, huniambia: "Ngumi tu hizo, kijana, hakuna kisa."

Kisa kipo, ila ni chepesi: mtoto wa porini anataka kuwa na nguvu zaidi. Basi. Uhondo uko kwenye mchoro. Ngumi inarushwa kisanduku hiki, inatua kile, na jicho linajua nani kasimama wapi bila neno hata moja. Watu hudhani hiyo ni rahisi. Hata kipara huonekana rahisi kuliko panki, kumbe kwenye kipara kosa halina pa kujificha.

Juzi umeme ulikatika nikiwa nimemnyoa mzee yule mwalimu nusu kichwa. Akachukua kitabu, nikamwelekeza kwamba kinasomwa kutoka kulia. Umeme uliporudi nikawasha mashine. Akaniinulia mkono: "Ngoja kwanza, huyu anataka kupigwa."

Kinyozi wa Majengo,
Dodoma