Mmemsahau Earl Cameron

Mhariri,

Nilisoma makala yenu ya wikendi kuhusu waigizaji wakubwa wa Uingereza hadi mwisho, na jina la Earl Cameron sikuliona. Limeniuma.

Mwaka jana nilimwonyesha mama filamu ya Simba ya 1955, inayohusu vita vya Mau Mau dhidi ya utawala wa Waingereza hapa Kenya. Mama alikuwa mtoto wakati wa hali ya hatari, akalelewa katika kijiji kilichozungushiwa handaki. Daktari Mwafrika alipotokea akiitwa Peter Karanja, mama aliichukua simu mkononi mwangu, akaisogeza karibu na macho. "Huyu ni Karanja wa kwa nani?" Nikamwambia si wa kwetu, ni mwigizaji Earl Cameron, mtu wa visiwa vya Bermuda. Akamtazama tena. "Lakini anasimama kama watu wetu."

Filamu yenyewe siitetei. Inavitazama vita kutoka barazani kwa mlowezi, na wapiganaji wetu wanaonekana wauaji tu. Hata hivyo Cameron alimpa Karanja heshima yake: daktari ambaye wazungu wanamshuku, watu wake nao wanamwona msaliti, na mwishowe anauawa.

Alizaliwa Pembroke, Bermuda, mwaka 1917, akawa baharia, akashukia London mwaka 1939. Huko aliosha vyombo mkahawani. Mwaka 1941 mwigizaji mmoja wa tamthilia ya Chu Chin Chow hakufika kazini, na Cameron, aliyekuwa na rafiki humo, akapewa nafasi yake. Hakubweteka. Alikwenda kufundishwa sauti na Amanda Aldridge, binti wa Ira Aldridge, yule Mmarekani mweusi aliyeigiza Shakespeare Ulaya katika karne ya 19.

Kisha ikaja filamu ya Pool of London, mwaka 1951. Cameron ni Johnny, baharia wa Jamaika, anayetembea mjini na msichana mzungu muuza tiketi. Hawabusiani, ila mapenzi yamo machoni, na sinema ya Uingereza ilikuwa haijazoea kuonyesha jambo hilo. Mzungu aliyeanza namna hiyo angefuatiwa na watayarishaji wenye mikataba. Cameron alipewa vipande. Katika filamu iitwayo Safari, ya 1956, alifanywa muuaji wa Mau Mau. Katika Thunderball ya 1965 alikuwa msaidizi wa James Bond. Mwaka 1966 aliigiza mwanaanga katika Doctor Who kwenye televisheni. Kila kipande alikifanya kama kwamba ndicho filamu nzima.

Mwaka 1979 alihamia Visiwa vya Solomon kwa ajili ya imani yake ya Kibahai, akakaa miaka mingi. Aliporudi Uingereza hakuwa amekwisha: katika The Interpreter ya 2005, akiwa na miaka 87, aliigiza rais dikteta wa nchi ya Kiafrika, na ukimya wake mle unatisha kuliko makelele. Alipewa CBE, nishani ya heshima ya Uingereza, mwaka 2009, akafariki Julai 3, 2020, akiwa na miaka 102.

Naomba mchapishe makala yake, pamoja na picha ya Johnny yule baharia. Na kama inawezekana, iwe toleo la Jumapili, kwa sababu ndilo ninalompelekea mama.

Mwalimu mstaafu,
Nyeri