Kaka, ulisema utamwingiza wewe

Kaka,

Ujumbe wako wa Jumanne nimeuona. Miaka miwili kasoro bila salamu, halafu unaniuliza baba alikuwa anasemaje kuhusu usiku wa farasi kuzaa. Nimeandika jibu kwenye simu mara tatu na mara tatu nimefuta. Naandika hapa palipo wazi, kwa sababu nikikuandikia faraghani nitalia na kukuambia yamekwisha, na bado hayajaisha.

Kwanza nikujibu, maana jike huyo wa watu unayemtunza huko Dubai hana kosa. Angalia chuchu zake. Ukiona vitone vilivyoganda kama nta ya mshumaa, usiende mbali naye. Wengi huzaa usiku, watu wakishatulia. Ndiyo maana baba alikuwa anapunguza taa na kukaa kimya juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtoto asimame ndani ya saa moja. Ndani ya saa mbili awe amenyonya yale maziwa ya kwanza. Ndani ya saa tatu kondo la nyuma liwe limetoka, ulitandaze chini na kulikagua kama ni zima, kwa sababu kipande kikibaki tumboni mama anaweza kufa, na akipona miguu inaweza kumharibikia. Haya yote baba aliyasema usiku ule Shilingi anazaliwa, wewe umeshika kandili, mimi nimeshika taulo. Huwezi kuwa umeyasahau. Nadhani ulitafuta tu njia ya kunisemesha, na kwa hilo nakushukuru, kaka yangu.

Umeuliza pia "hapo nyumbani mnaendeleaje", kana kwamba tuko wengi. Niko mimi na Shilingi.

Naamka saa kumi na moja alfajiri. Akisikia komeo la mlango wa jikoni anagonga ubao wa banda kwa goti, mara mbili, kama mama yake alivyokuwa akigonga. Namwekea nyasi kavu na pumba kidogo, lakini simtoi. Simtoi mpaka jua lipande na umande ukauke, saa mbili na nusu hivi, na wakati wa masika ni zaidi ya hapo. Majirani wananishangaa, wanasema mnyama wa watu nimemfunga gerezani. Hawajui habari ya visubi, vile vidudu vidogo vinavyouma farasi gizani na kuwaletea ugonjwa. Wewe unaijua.

Nikimpa maji nahesabu ndoo. Mbili za lita 20 kwa siku, jua likiwa kali zaidi ya hapo, na asipozimaliza naanza kumsikiliza tumbo, sikio langu ubavuni kwake. Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia kibaya kitapita humo humo au kitamuua. Kwa hiyo mahindi yenye ukungu, hata punje moja, hayaingii bandani. Juzi shangazi alileta debe zima kwa moyo mzuri, nikaona weupe kwenye vichwa vya punje, nikalirudisha. Kanuna. Waliobaki hapa hununiwa hivyo kila wiki, kaka, na hakuna anayewapigia kuwauliza.

Kwato nakagua asubuhi na jioni. Ananipa mguu kabla sijauomba. Nachokoa matope kwa kile chuma cha baba chenye mpini wa mti wa mchungwa, nakwepa ile sehemu laini ya pembetatu katikati, halafu nanusa. Ndiyo, nanusa. Kwato inayoanza kuoza utaijua kwa harufu kabla hujaiona. Mpini umelika pale kidole gumba cha baba kilipokuwa kinakaa, na changu kinaingia humo humo.

Jumamosi anakwenda kupigwa picha na maharusi. Namsugua mpaka manyoya yanang'aa, namsuka singa, tunashuka naye hadi Sanya Juu, bibi harusi anapandishwa. Fedha hiyo ndiyo inayonunua pumba, ndiyo inayomlipa fundi wa kwato kila wiki ya saba. Nakuambia hili kwa sababu mbele ya baba wadogo ulisema farasi hana faida: halimi, hakamuliwi, haliwi. Ulisema hivyo kikaoni, udongo wa kaburi la baba haujakauka, la mtu aliyekuwa saisi, mtunza farasi wa wazungu West Kilimanjaro tangu ujana wake, akatusomesha wote wawili kwa mshahara wa farasi. Wewe mwenyewe Dubai umekwenda kwa kazi gani?

Nimesema nisifike huko mapema. Basi nimefika.

Ilikuwa Aprili, Jumamosi ya mazishi. Mvua ilikuwa imekatika saa kumi, na ule uwanda wa chini kwenye mfereji ulikuwa unatoa mvuke. Shilingi alikuwa ndani kwa sababu ya jipu la kwato. Vumbi, farasi wetu mwingine, alikuwa nje. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe nikakuambia, kaka, jua linazama, Vumbi bado yuko chini. Ukanishika bega. Ukasema, "Wewe shughulikia wageni. Nitamwingiza mimi." Nilifurahi. Unajua kwa nini? Kwa sababu mwaka mzima wa ugonjwa wa baba hakuna mtu aliyewahi kuniambia "nitafanya mimi".

Asubuhi nilimkuta Vumbi pale pale kwenye mfereji, mgongo umelowa umande, ananitazama.

Uliondoka Jumatano. Alhamisi hakumaliza maji. Ijumaa nilimpima joto, 40.6, na unajua la kawaida halipiti 38.5. Yale mabonde ya juu ya macho yalikuwa yamejaa, yamefutuka, macho yakawa madogo usoni. Usiku akaanza kuhema, mbavu zinakwenda kama mvukuto, shingo ameinyoosha mbele, hataki kulala. Jumamosi kabla ya jogoo povu likatoka puani, jeupe, jingi, kama mtu ametikisa sabuni kwenye ndoo. Nililifuta na kanga yangu ya msiba. Nikilifuta linajaa tena. Alianguka upande wa kulia, na mdomo wake ulikuwa kwenye goti langu.

Nilikupigia. Ukaandika: "Pole sana. Ila ni mnyama tu."

Daktari wa mifugo aliniambia haiwezekani kujua ni usiku gani aliumwa na kisubi mwenye ugonjwa. Huku kwetu pundamilia wanaubeba bila hata kukohoa, wako hapo tambarare, na visubi havina mpaka. Aliniuliza na habari ya chanjo. Chanjo inatoka Afrika Kusini, inaagizwa mapema, inachomwa mara mbili kwa wiki kadhaa kupishana, na yote iwe imekamilika kabla ya mvua. Mwaka ule haikuchomwa. Hela yake niliipeleka kwenye dawa za baba mwezi wa pili. Niliamua mwenyewe, sikukuuliza, na ningeamua vilevile leo. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungemwacha baba akose dawa ya maumivu?

Na kwa kuwa nimeshaandika mpaka hapa, niandike na hili. Saa moja usiku ule nilitoka kumwaga maji, nikaona lango la chini liko wazi. Niliona weupe wake kule mferejini. Nilisimama na beseni mkononi. Wewe ulikuwa barazani na wajomba, unawaonyesha kwenye simu farasi wa huko wakiogelea kwenye bwawa lao. Nikasema moyoni, amesema ataingiza yeye. Nikarudi ndani. Nilikuwa nimesimama tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, miguu imevimba, wageni mia mbili hawajala. Dakika kumi ningeshuka na kurudi naye. Lakini ulikuwa umesema.

Usiku wa jike wako usikae na simu. Ukimwambia mwenzako wa zamu kwamba utafanya wewe, fanya wewe. Akikuambia yeye, nenda ukaangalie hata hivyo.

Hukuniletea jani la sale, lile la kuombea msamaha, kaka, wala hukumtuma mtu alilete. Ningelipokea. Masale ya mpakani baba aliyapanda mwenyewe, yamekuwa marefu kunipita, na mara mbili nimekata jani moja nikakaa nalo bila kujua nimtumie nani wa kulifikisha Dubai.

Mtoto akizaliwa nitumie picha. Nitataka kuona miguu yake ya mbele.

Saa kumi na moja na nusu sasa, jua linashuka kuelekea Mlima Meru. Shilingi yuko chini, upande wa mferejini. Naweka simu, nachukua kamba.

Mdogo wako