Barua kwa mpwa wangu anayechora Ubatizo wa Yesu: anza na maji

Mpwa wangu,

Hujambo? Mama yako kaniambia wazee wa kanisa wamekupa ukuta ulio nyuma ya birika la ubatizo, uwachoree Yesu akibatizwa Yordani, nawe unahangaika na sura: ndevu ziwe ndefu kiasi gani, ngozi iwe rangi gani. Hayo yaache kwanza. Katika picha hii maji ndiyo yanayosema. Ukiyafanya mandhari tu, utabaki na wanaume wawili waliosimama mtoni.

Tafuta picha za mozaiki (mchoro wa vigae vidogo) ya kuba la Mahali pa Ubatizo pa Waario, jengo la kubatizia la Wakristo waliomwona Yesu kuwa chini ya Baba, mjini Ravenna, Italia, iliyotengenezwa enzi za Theodoriki, mfalme wa Wagothi, karibu mwaka 500. Yesu ni kijana asiye na ndevu, uchi, maji yamemfika kiunoni. Yanaonekana hadi ndani, ni mistari tu ya vigae vidogo inayopita juu ya mwili. Yohana yuko kulia, mkono wake juu ya kichwa cha Yesu. Kushoto ameketi mzee mwenye magando ya kaa kichwani na tete mkononi: huyo ni mto Yordani wenyewe, umepewa umbo la mtu kama Warumi walivyozoea kuchora mito yao. Fundi hakuogopa kuazima kwa wapagani, kwa sababu alitaka mto uwe shahidi.

Mjini humohumo, Mahali pa Ubatizo pa Neoni, jengo lenye jina la askofu wa huko, pana mozaiki ya zamani kidogo kuliko hiyo, ya karne ya 5. Hapo chunga unapoiga. Kichwa cha Yesu chenye ndevu, yule hua, na mkono wa Yohana ulioshika kibakuli ni matengenezo ya karne ya 19. Wengi hukinakili kibakuli hicho wakidhani ni ushahidi wa kale.

Sasa suala la kina, ambalo uliamue kabla ya kugusa penseli. Katika picha ya Piero della Francesca, mchoraji Mwitalia wa karne ya 15, iliyoko National Gallery, London, maji yanaishia kwenye vifundo vya miguu, na Yohana anamimina. Si kosa: Didake, mwongozo wa Wakristo wa mwanzo, unataka maji yanayotiririka, na pale maji yasipotosha unaruhusu kumimina kichwani mara tatu. Lakini kanisa lenu linazamisha. Ukichora kibakuli, ukuta utabishana na birika.

Wachoraji wa ikoni, zile picha takatifu za makanisa ya Mashariki, walikwenda mbali zaidi. Kwao Yordani husimama wima nyuma ya Yesu hadi mabegani, katikati ya miamba miwili, mweusi kama mdomo wa pango. Hilo ni kaburi: Warumi 6:4 inasema tunazikwa pamoja naye kwa ubatizo. Ndiyo maana mto haulazwi chini kama unavyouona ukiwa ukingoni. Ukiulaza, mwili unakatwa kiunoni na maana inazama. Simamisha mto kama shuka iliyotundikwa, miguu ionekane. Chini ya miguu baadhi yao huweka watu wawili wadogo wanaokimbia, Yordani na Bahari, kutoka Zaburi 114:3. Shoka lililoegemea shina la mti ni Mathayo 3:10. Malaika hufunika mikono kwa kitambaa, adabu ya mbele ya mfalme, si taulo za kumfuta Yesu kama watu wanavyodhani.

Ukuta wako ni mdogo, usibebe vyote. Mimi ningechukua maji yaliyosimama, hua juu kabisa katika mstari mmoja na kichwa cha Yesu, na mzee Yordani ikiwa wazee watakubali. Waeleze mapema, la sivyo watamwita shetani.

Kuhusu ukuta wenyewe. Ulio karibu na birika hunyonya maji. Rangi ya mafuta hufungia unyevu ndani, ikafanya malengelenge, kisha ikababuka; dalili ya kwanza ni chumvi nyeupe sehemu ya chini. Plasta mpya ya saruji iache siku 28. Halafu bandika karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, kingo zote kwa tepu, uiache saa 24. Ukikuta matone nyuma yake, subiri. Tumia rangi ya chokaa inayopumua, na sehemu inayorushiwa maji, kama sentimita 40 juu ya birika, weka vigae vya rangi ileile ya mto, ili Yordani uendelee hadi chini bila kukatika. Mawimbi ya chini ya mchoro yakutane na usawa wa maji birika likiwa limejaa. Waombe walijaze kabla hujapiga mstari.

Mjomba wako