Dhahabu Nyekundu na Vazi la Protini

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Barua yako imenifikia, na swali lako, kwamba mtu aliyesomea fizikia ya mwanga ana kazi gani na damu ya watu, nimekaa nalo siku kadhaa, kwa kuwa ndilo ninaloamka nalo kila asubuhi.

Niruhusu nianzie mezani pangu. Huchemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, ambayo ni ya manjano hafifu, kisha nikamimina sitrati kidogo, yaani chumvi ya asidi ya limau, huku nikikoroga. Umanjano hutoweka, maji yakakaa kitambo bila rangi, yakaingia weusi wa kijivu, yakageuka zambarau, na baada ya dakika chache yakawa mekundu kama yakuti. Nimelishuhudia jambo hilo mara nyingi mno, na hata leo huacha yote niliyokuwa nikifanya ili nilitazame. Katika chupa hiyo huelea chembe za dhahabu zenye kipenyo cha nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ndogo kiasi kwamba elfu kadhaa zikipangwa mstari ndipo zinatosha upana wa unywele mmoja.

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliuhusisha wekundu huo na udogo wa chembe mwaka 1857, na mwanafizikia Mjerumani Gustav Mie akautolea hesabu mwaka 1908. Elektroni za dhahabu huyumba kwa pamoja zinaposukumwa na mwanga, na kwa chembe za ukubwa huo huyumba zaidi zikipigwa na mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 520. Kijani kikishamezwa, jicho hubakiwa na nyekundu.

Sasa sikia linalonigusa zaidi. Elektroni hizo humhisi jirani yeyote: protini ikiung'ang'ania uso wa chembe, urefu wa wimbi wa mwanga unaomezwa husogea nanomita chache, badiliko ambalo jicho halilioni lakini spektromita, chombo cha kupima rangi za mwanga, hulisoma vizuri, na chembe zenyewe zikikaribiana, badiliko huwa kubwa hata maji yakawa ya bluu. Juzi nilitia chumvi ya kawaida katika chupa moja, ikageuka bluu kabla sijaweka kijiko chini. Chupa ya pili niliitangulizia albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu, kisha nikaitia chumvi ileile kwa kipimo kilekile, nayo ikabaki nyekundu, kwa sababu kila chembe ilikwisha kuvikwa vazi lililoizuia kugandamana na mwenzake.

Kwa maoni yangu, vazi hilo ndilo kiini cha kazi yetu. Tunatumia miezi kuchonga umbo la chembe tunayotaka iue seli za uvimbe, ilhali ikiingia mwilini huvikwa protini mara moja, na seli haikutani na dhahabu tuliyoichonga bali na vazi lake. (Kipimo cha ujauzito ni rahisi zaidi: mstari wake mwekundu mara nyingi ni chembe za dhahabu zilizobebeshwa kingamwili, na hapo ni sisi tunaochagua vazi.)

Umbo nalo lina nafasi yake. Weka kidole juu ya tochi gizani uone kwamba ni wekundu tu unaopenya, kwa kuwa himoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake, humeza sehemu kubwa ya rangi nyingine. Kwa hiyo chembe ya duara, inayotaka mwanga wa kijani, haina msaada ndani ya nyama. Tukiirefusha dhahabu iwe vijiti, humeza mwanga wa nanomita 700 hadi 900, ambao hupenya mwili vizuri zaidi, na kuugeuza kuwa joto linaloweza kuua seli za uvimbe zilizo jirani nayo.

Vijiti vya namna hiyo ninavyo tayari, vimevikwa albumini. Kesho nitavitia katika majimaji ya damu yasiyo na seli, nivipime kila saa kwa siku nzima, nione kama vazi nililovipa litadumu au protini nyingine zitalivua na kukaa mahali pake. Nikishausoma mchoro wa mwisho nitakuandikia.

Wako akupendaye.