Tupeni chumba, tamasha kaeni nalo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyependekeza hivi karibuni kwamba Tanga irudishiwe jina lake la muziki kwa kufanyiwa tamasha kubwa pale uwanja wa Mkwakwani: jukwaa la chuma, maspika yaliyopangwa mpaka juu, wasanii kutoka Dar es Salaam. Namheshimu, maana anaonekana anaupenda mji. Ila kwa hili simuungi mkono.

Mimi ni karani mstaafu wa bandarini. Ujanani nilipiga fidla kwenye kikundi cha taarab ambacho leo hata waliokianzisha hawakikumbuki. Siku hizi, Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, natandika majamvi katika chumba cha uani hapa kwangu Ngamiani na kufundisha mandolini, chombo kidogo cha nyuzi. Wanakuja vijana, wanakuja na wazee wawili watatu. Tunachopiga zaidi ni bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi wa mashamba ya pamba. Kila baada ya miezi michache tunafanya onyesho, watu arobaini hivi, wakizidi sana hamsini. Na hapo ndipo ninapotaka paishie.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: bluzi na Tanga, wapi na wapi? Mwenye kuuliza huwa amesimama katika mji uliojengwa na mkonge. Basi huo mkonge nao si mwenyeji. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, huko huko Marekani, na iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba, reli ikapata mzigo, wakaja manamba kutoka kila pembe, na kila kabila likaja na ngoma yake. Mji wa namna hii hauwezi kuniambia mimi kwamba mandolini ni mgeni.

Chombo chenyewe kililetwa na mpwa wangu anayefanya kazi melini. Alikinunua mtumba huko alikotia nanga, akijua mjomba wake hapitwi na kitu chenye nyuzi. Mandolini ina nyuzi nane zilizofungwa mbilimbili, kwa hiyo ni kama nne, na hufungwa kwa sauti zile zile za fidla ya Kizungu: sol, re, la, mi. Siku ile ile vidole vyangu vya kushoto vilijua pa kwenda. Kilichonishinda ni mkono wa kulia, maana fidla unaivuta kwa upinde na sauti inabaki, lakini mandolini ukiipiga mara moja sauti inakufa pale pale. Inabidi risha, kile kibapa cha kupigia nyuzi, itetemeke juu na chini bila kupumzika. Risha tunazikata kutoka kwenye kadi za benki zilizokwisha muda, na kwa kazi hiyo zinafaa kuliko zilivyowahi kunifaa benki.

Halafu mjukuu akanitafutia kwenye simu rekodi za mpiga mandolini ya bluzi aitwaye Yank Rachell, wa Brownsville, Tennessee. Huyu alirekodi Memphis mwaka 1929 pamoja na mwimbaji wa bluzi Sleepy John Estes, na akaendelea kupiga mpaka alipofariki mwaka 1997. Alisimulia mwenyewe kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimpa nguruwe amfuge, naye akaenda kumbadilisha kwa mandolini. Mama akamwambia msimu wa kuchinja ukifika, wenzake watakapokula nyama, yeye atakula mandolini yake. Kisa hiki kilileta vicheko chumbani, na mmoja akasema angekuwa mtoto wa Ngamiani angebadilisha mbuzi, kisha bakora angekula kabla ya huo msimu kufika. Yuko pia Johnny Young, mzaliwa wa Vicksburg, Mississippi, aliyehamia Chicago na kuipiga mandolini katikati ya bendi za magitaa ya umeme wakati wenzake wengi walishaiweka kando. Hao wawili ndio walimu wetu. Mimi ni mnyapara tu.

Mhariri, nivumilie kidogo hapa, maana ndipo utamu ulipo. Katika bluzi kuna sauti inayokaa kati ya mi na mi iliyoshushwa. Kinanda hakina kitufe chake. Kwenye gitaa unausukuma uzi pembeni mpaka ulie. Kwenye mandolini nyuzi ni mbili na zimekazwa sana, kidole kinaumia kabla uzi haujakubali, kwa hiyo wapigaji huteleza kutoka chini kwenda juu, au huzipiga sauti zote mbili za jirani kwa pamoja na kuliachia sikio la msikilizaji litafute ya katikati. Mzee aliyelelewa na udi, kile chombo cha nyuzi cha taarab, haelezwi jambo hili mara mbili. Maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ya rast na ya bayati yana sauti za namna hiyo hiyo, zisizo huku wala kule. Wanaosumbuka ni vijana waliokulia kwenye kinanda cha umeme. Mara ya kwanza wanakutazama kwa huruma wakidhani mzee amekosea.

Maneno nayo hayakutupa taabu. Ubeti wa bluzi unakaa ndani ya vipimo 12 vya mapigo manne manne, kodi za muziki (mafungu ya sauti zinazopigwa pamoja) tatu tu, na mishororo yake ni mitatu: wa kwanza unaimbwa, unarudiwa ulivyo, wa tatu unajibu. Mtu wa pwani ukimpa mshororo hakuulizi mizani ngapi. Mama mmoja muuza mahamri, ambaye hapigi chombo chochote, alikuwa amekaa mlangoni akisubiri mvua ipungue, akatupa huu:

Meli imetia nanga, mume wangu hajashuka,
Meli imetia nanga, mume wangu hajashuka,
Nimesimama na kanga, dirisha nalo lachoka.

Nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho, na bluzi imekamilika. Tuliuimba mpaka mvua ikakatika na yeye akaondoka zake na ndoo yake. Hilo dirisha lililochoka bado linaniandama.

Sasa niambie, mama yule angepanda jukwaa la Mkwakwani? Angeonyeshwa kadi ya kuingilia nyuma ya jukwaa?

Mandolini ni chombo kidogo na sauti yake haivuki uwanja. Ukiipeleka uwanjani utaitafutia kipaza sauti, kipaza sauti kitataka fundi mitambo, fundi atataka jenereta, jenereta itataka mafuta, mafuta yatataka mfadhili, na mfadhili atataka bango lake liwe kubwa kuliko mpigaji. Kwangu umeme ukikatika tunawasha taa ya chemli na hakuna aliyepoteza hata noti moja ya muziki. Kiingilio ni shilingi 2,000 pamoja na kahawa na kashata. Asiye nayo huja na sukari. Watoto bure, mradi wakae mbele jamvini na wasiguse vyombo mpaka waambiwe. Tunaanza baada ya Isha, tunamaliza saa nne, na Ramadhani hatufanyi. Jirani wa upande wa msikiti niliongea naye tangu mwanzo, na siku hizi anayelalamika kwamba tunachelewa kuanza ni yeye.

Fedha inayobaki inakwenda kwenye nyuzi, na hapa ndipo roho inaponiuma. Seti ya nyuzi za mandolini Tanga hupati. Hata Kariakoo utazunguka. Tunachofanya ni kununua nyuzi za gitaa, kwani unene unakaribiana, kisha ile shanga ya shaba ya mwishoni tunaiminya kwa koleo mpaka ipasuke na kutoka, kinabaki kitanzi, na kitanzi ndicho mandolini inachotaka. Nyuzi za mi hukatika kwanza, kila mara.

Fundi seremala wa mtaa wa pili ameanza kututengenezea mandolini zetu. Shingo ya mninga, uso wa mbao nyembamba aliyoichambua kwenye kasha kuukuu la majani ya chai ya Usambara. Zile nondo ndogo za kugawa shingo anatumia spoku za baiskeli, na Tanga hapakosekani spoku. Uzi unakuwa na urefu wa sentimeta 35 hivi kutoka kizingiti cha shingo hadi kwenye kidaraja kinachobeba nyuzi, na katikati kabisa ya huo urefu lazima ikae nondo ya 12. Akikosea milimita moja, basi juu kule chombo kinaimba wimbo wake na sisi wetu. Ya kwanza ilitoa sauti ya debe. Ya pili hiyo, Mhariri, njoo uisikie.

Anayeipiga vizuri kuliko wote ni binti wa Makorora. Mama yake hakutaka. Alisema kwenye taarab mwanamke huimba, vyombo ni vya wanaume, na kweli zamani ndivyo tulivyowapanga, hilo silikatai. Tukakubaliana aje naye, akae aone. Akawa anakuja na sinia lake la mchele, anachambua huku akisikiliza. Sasa binti akipotea kwenye vipimo, mama anagonga sinia.

Msomaji wenu aliitaja enzi ya bendi zetu za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, akataja na taarab. Nakubaliana naye kwamba tulikuwa na jina. Lakini atazame lilivyopatikana. Wakati Unguja walikuwa na okestra kubwa zenye safu za fidla kwa mtindo wa Misri, vikundi vya taarab vya hapa, Black Star na Lucky Star, walichukua magitaa, ngoma na watu wachache, wakatoa mdundo mwepesi uliovuka mpaka hadi Mombasa, na sauti ya mwimbaji Shakila ikapaa juu ya hao hao wachache. Au atazame Bagamoyo. Tamasha lao la kila mwaka namsikia kila mtu akilitamani. Asichokitamani mtu ni Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa pale mwaka 1981, ambacho leo ndicho Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), ambako watu wanafundishwa mwaka mzima ndipo tamasha lipate cha kuonyesha. Sisi tunataka kuvuna kabla ya kulima. Namkaribisha huyo msomaji onyesho lijalo, aje mapema, maana wanaochelewa husimama na wenye baiskeli nje ya dirisha.

Kuhusu vibali nitasema machache. Sipingi vibali. Nilikwenda kwenye ofisi inayohusika, sitaitaja, nikapewa fomu ile ile wanayopewa mapromota: idadi ya walinzi, gari la wagonjwa, vyoo vya kukodi. Nikamuuliza kijana wa dirishani, mpole sana, aliyenipa shikamoo yangu kamili, vyoo vya kukodi vya nini kwa watu arobaini ilhali choo kipo uani kwangu. Akaitazama fomu, akaigeuza, akasema, "Mzee, fomu haina sehemu ya kuandika uani." Naomba wakubwa watengeneze fomu ya ukurasa mmoja kwa mikusanyiko isiyofika watu mia, isiyo na vipaza sauti. Sehemu ya kuandika uani wasiisahau.

La pili ni chumba. Changu kimejaa, na mke wangu ana uvumilivu lakini nao una mwisho. Mjini kuna vyumba vingi vinavyolala vimefungwa jioni: madarasa, kumbi za vyama, maghala ya zamani yaliyobaki na popo. Tunahitaji kimoja, jioni mbili kwa wiki, chenye mlango unaofungwa na mwenye nyumba asiyekasirika haraka. Kufagia tutafagia wenyewe. Nikipata cha pili kule Chumbageni sitakipeleka kikundi hiki hiki. Nitamtafuta mtu mwingine akianzishe chake, na watu wake arobaini.

La tatu ni kwa wauza vifaa vya muziki. Mkienda Dar es Salaam kuchukua mzigo, chukueni na seti chache za nyuzi za mandolini. Sisi wateja tupo, tutalipa taslimu.

Na la mwisho ni kwa familia za wapigaji wa zamani. Najua darini kwenu kuna mandolini, fidla, pengine na udi uliovunjika shingo, vimewekwa kwa sababu marehemu alivipenda na hakuna anayejua pa kuvipeleka. Vileteni tuvitengeneze. Vikipona mtavichukua mkitaka, au mtamwacha mjukuu aje kujifunzia chombo cha babu yake. Ila tafadhali sana, msivipake vanishi kwanza. Wapo waliokwisha kufanya hivyo, na fundi wangu bado anakwangua.

Wako,
Mpiga fidla mstaafu,
Ngamiani, Tanga.
(Jina langu unalo, Mhariri.)