Mwanangu, usilikanyage ziwa kabla hujalitoboa

Kigoma, 9 Novemba

Mwanangu Zaituni,

Salamu zako zimefika, sisi huku hatujambo. Umeniuliza ziwa la hapo Joensuu litaganda lini, maana wenzako wanapanga kwenda kutembea juu yake. Tarehe siwezi kukupa mama, hata wenyeji wa Finland hawaijui mpaka ifike. Ila naweza kukueleza ziwa linavyojiandaa.

Maji huwa mazito kupita wakati wowote yakiwa nyuzi 4. Baridi ikianza, maji ya juu hupoa, yakawa mazito, yakazama, na ya chini yakapanda kuchukua nafasi yake. Zamu hiyo huenda wiki nyingi mpaka ziwa lote lifike nyuzi 4. Hapo mambo hugeuka: maji yakipoa zaidi huwa mepesi, hayazami tena, na ule utando wa juu peke yake ndio hushuka kuelekea sufuri. Ndiyo maana ziwa huganda kuanzia juu na samaki wakabaki hai chini. Tanganyika yetu haifiki huko kamwe. Hata kwenye kina chake cha mita 1,470 maji ni nyuzi 23 na kitu.

Baada ya hapo kinachosubiriwa ni usiku mmoja wa mbingu wazi usio na upepo. Upepo hukoroga maji na kuvunja ngozi ya barafu ikiwa bado changa. Wavuvi wa dagaa pale Kibirizi husubiri giza la mwezi na ziwa litulie. Na wewe subira yako ni hiyo hiyo. Vidimbwi na ghuba za maji mafupi hutangulia. Katikati penye kina kirefu huchelewa, pengine wiki kadhaa, kwa hiyo barafu ya ufukweni isikuaminishe ya mbele.

Likishaganda, usihesabu siku. Barafu yenyewe ni blanketi: kadiri inavyonenepa ndivyo inavyozuia baridi kufika majini. Kwa baridi ile ile, unene ukizidi mara mbili muda huzidi mara nne. Theluji ikiangukia juu yake ndiyo blanketi zito zaidi, na ni hatari kwa sababu inaficha. Utaona uwanja mweupe uliosawazika, kumbe chini yake pana sentimita 3 tu.

Tazama rangi. Barafu ngumu ni angavu, na ukiinama unaona weusi wa maji kupitia kwake. Ile nyeupe imetokana na theluji iliyolowa ikaganda, ina vipovu vya hewa, na nguvu zake ni kama nusu, hivyo idai unene mara mbili. Ya kijivu imeanza kunywa maji, geuka urudi. Wapo watakaokwambia sentimita 5 za barafu angavu zinambeba mtu mmoja. Mimi nasema 10. Toboa kwa keke, ingiza rula mpaka ishike ukingo wa chini wa barafu, soma. Songa hatua chache, toboa tena. Hiyo ni barafu ya kuanza majira ya baridi. Ya mwishoni, jua likishaipiga, hata ikiwa nene haiaminiki.

Mahali pa kuogopa ni pale mto Pielisjoki unapoingia ziwani, chini ya madaraja, kwenye mikondo myembamba kati ya visiwa, na kandokando ya matete na mawe. Maji yanayotembea huila barafu kutoka chini, na juu hutaona kitu. Usishtuke ukisikia ziwa linanguruma usiku. Barafu hutanuka na kusinyaa joto likibadilika. Ila nyufa zikitawanyika kutoka chini ya mguu wako kama miale, lala kifudifudi utambae kurudi ulikotoka.

Usiende peke yako. Vaa jaketi okozi. Shingoni ning'iniza vile vishikio viwili vyenye ncha za msumari, huko vinauzwa madukani. Visiwe kwenye begi, kwa kuwa ukiwa majini begi hutalifungua. Ukitumbukia, baridi itakufanya utwete kwa dakika nzima: shikilia ukingo, tuliza pumzi kwanza. Una kama dakika 10 kabla mikono haijakataa. Geukia upande uliotokea, kwa sababu barafu ile ilikwisha kukubeba. Piga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, chomeka ncha, jivute. Ukitoka usisimame, bingirika mpaka ufike penye barafu nene. Nguo kavu ziwe kwenye mfuko usioingiza maji.

Mama yako anasalimu, na anauliza kama dagaa zilifika. Ukitoboa tundu la kwanza, piga picha rula ikiwa ndani, unitumie kabla hujasonga mbele.

Baba yako